Turbo Inakata, Pesa Inakata: Dada wa Sinza, Milioni Mbili za Spea na Soketi Iliyoungua

Mtaani kuna utani kwamba ukinunua Subaru ya turbo umeoa na fundi. Dada mmoja wa Sinza, jina kapuni, ameuishi utani huo kwa miezi saba. Bili bado anayo kwenye simu, kitu kimoja kimoja na tarehe yake, na ukiisoma mpaka chini utaelewa kwa nini stori hii inawahusu hata wasio na gari.

Huyu dada ni mpambaji. Maharusi, kitchen party, sendoff, wikiendi zake zote ni maua na vitambaa. Alidunduliza miaka mitatu, akachukua Forester ya turbo ya kizazi cha pili, zile zilizotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, injini ya lita 2.0, nguvu za farasi 220 kwa maelezo ya kiwandani Japani. Mtumba, ndiyo, lakini imenyooka. Buti kubwa la kubebea mzigo wa kazi, na ule mlio wa Subaru unaomfanya jirani achungulie dirishani.

Mlio haukuwa sababu kubwa. Mama yake anaishi Mikese, nje kidogo ya Morogoro, na kila mwezi lazima aje Dar kliniki ya macho. Mama ana sukari, macho yanafifia, na magoti hayamruhusu kupanda na kushuka mabasi. Siku gari inatoka bandarini dada alimpigia simu: "Mama, hutahangaika tena. Nitakuwa nakufuata mwenyewe."

Gari ilitulia miezi minne. Mwezi wa tano ikaanza vituko.

Anatoka Sinza, foleni ya Ubungo, Kimara, Mbezi, hakuna shida. AC inapuliza, muziki unalia. Akishapita Mlandizi barabara imefunguka, anakanyaga ampite Fuso, turbo inaingia, na hapohapo gari inajikata kama mtu aliyekabwa koo. Inatetemeka, kasi inashuka. Akiachia pedali inapumua. Dakika mbili baadaye iko poa kabisa. Taa ya injini kwenye dashibodi wala haiwaki.

Akiipeleka gereji kesho yake, inatembea vizuri kuliko ya fundi mwenyewe.

Fundi wa kwanza akasema plagi. Zikanunuliwa nne, 120,000. Wiki moja gari ikawa tamu, wiki ya pili ikarudia. Akasema basi koili, nne za used kutoka Kariakoo, 320,000. Fundi wa pili akasema wa kwanza hajui kazi, hii ni pampu ya mafuta. Pampu mpya 250,000 na filta 60,000. Siku tisa za raha, kisha kulekule. Wa tatu akasafisha nozeli kwa 160,000, akabadilisha na sensa ya hewa, 280,000. Wa nne, kijana wa magari ya mbio mwenye maneno matamu, akamwambia, "Dada, turbo haitaki pampu ya kitoto. Weka pampu kubwa ya racing umalize." Laki sita na nusu. Jumlisha ufundi wa wote wanne, laki nne.

Jumla 2,240,000. Hapo hujaweka petroli ya kwenda na kurudi gereji, wala harusi mbili alizochelewa kupamba.

Ushauri nao haukukosekana. Mjomba alisema ni sheli anazojaza, petroli ina maji. Shoga yake akasema kuna mtu kamfanyia, biashara yake inaonekana sana mtandaoni. Mchumba wake alikuwa na neno moja tu: uza. "Mama apande treni ya umeme mpaka Dar, wewe utafute IST, maisha yaendelee." Akaleta hadi mteja, rafiki yake, anayetoa milioni 9 taslimu. Gari hiyohiyo ikiwa nzima, sokoni dada alikuwa anaulizwa kwa milioni 16.

Dada aligoma. Wakanuniana wiki nzima.

Halafu ikaja ile Jumapili ya Bwawani. Mama yuko kiti cha mbele, wanakuja Dar. Mbele kuna lori lenye tela linajikongoja, upande wa pili kweupe. Dada akatoka, akakanyaga. Katikati ya tela gari ikakata. Kwa mbali basi likatokea, linawasha taa. Hana nguvu ya kwenda mbele, na nyuma gari nyingine imeshaziba nafasi yake. Dereva wa lori ndiye aliyeokoa watu, alishika breki na kushuka nje ya lami kidogo, dada akapenya. Mama, ambaye haoni vizuri, aliuliza tu, "Mbona unatetemeka mwanangu?"

Usiku ule dada alimwandikia mchumba: "Mwambie huyo mteja aje."

Sasa hapa lazima ieleweke kwa nini gari inaweza kuwa malaika kwenye foleni na shetani kwenye barabara kuu.

Gari ya kawaida inavuta hewa yenyewe. Ya turbo, moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni, na feni hiyo inazungusha nyingine inayosukuma hewa kuingia ndani kwa nguvu. Hewa ikizidi, petroli lazima izidi. Na nozeli inapuliza petroli kuelekea humohumo kwenye hewa iliyobanwa, kwa hiyo presha ya petroli inatakiwa ipande hatua kwa hatua na presha ya turbo. Kwenye gari kama hii msingi ni kama psi 43. Turbo ikisukuma 12, petroli inatakiwa isome kama 55. Kuna kifaa kinaitwa regyuleta kinachosimamia hesabu hiyo, lakini anayebeba mzigo ni pampu ya umeme iliyomo ndani ya tangi. Presha ikipanda, pampu inakula umeme mwingi zaidi. Kwenye foleni pampu mgonjwa au waya mbovu hauonekani. Unaonekana pale tu unapohitaji nguvu, yaani ukiwa katikati ya tela la lori.

Na hatari haiishii kukosa nguvu. Petroli ikipungua wakati turbo inasukuma, joto ndani ya silinda linapanda, mchanganyiko unaanza kulipuka bila mpangilio, na pistoni zinapasuka. Injini za turbo za aina hii zilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu ya Japani, kwa hiyo huku kwetu nafasi ya kukosea ni ndogo zaidi. Wanaoendelea kukanyaga gari ikiwa inajikata, wakidhani "itajisafisha", wengi ndio hao mnaowaona wanatafuta injini nzima.

Mteja wa milioni 9 alisafiri kikazi, akasema atakuja baada ya wiki tatu. Wiki hizo tatu ndizo zilizookoa gari. Dereva mmoja anayembebea dada viti alimwambia kuna mzee Tabata, gereji yake haina hata bango, ampelekee kabla ya kuuza.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Inasumbua nini?"

"Pampu ya mafuta."

"Nani kakuambia ni pampu?"

"Mafundi wote."

"Sasa kama wote walijua, hapa umefuata nini?"

Dada alitaka kuondoka. Mzee akamvutia kiti. Hakufungua boneti. Aliuliza maswali kama daktari: ikikata ulikuwa umeendesha muda gani? Tangi lilikuwa na kiasi gani? AC ilikuwa imewashwa? Ni mlimani, kwenye kona au tambarare? Dada hakuwa na jibu hata moja la uhakika. Alichokumbuka ni hofu tu.

Mzee akamwambia maneno ambayo mafundi wanne hawakuwahi kuyasema: "Mimi bado sijui. Na gari ikiwa imepoa hivi haitaniambia kitu. Nenda kanunue daftari. Ikikata, achia pedali, egesha pembeni, andika. Usikanyage tena, utaiua. Na mama asipande humu mpaka tumalize."

Siku 16, matukio sita. Mama mwezi huo alikuja kwa treni, mpwa wake akamsindikiza. Dada akarudi Tabata na daftari lake, na mzee akalisoma akiwa na kalamu mkononi anakata washukiwa mmoja mmoja.

Wa kwanza kukatwa ni tangi lenyewe. Tangi la Subaru hizi limekaa kama tandiko la punda, lina mashavu mawili, kwa sababu katikati chini inapita shafti ya magurudumu ya nyuma. Pampu iko shavu moja, na kuna kifaa kidogo kinachovuta petroli ya shavu la pili. Kikifa, gari inaweza kukaukiwa huku geji inakuambia mafuta yapo, hasa kwenye kona na tangi likiwa chini ya nusu. Daftari lilionyesha imekata mara mbili tangi likiwa karibu kujaa, barabara imenyooka. Huyo hahusiki.

Wa pili, filta. Filta ikiziba inabana kila ukikanyaga sana, hata dakika ya tano tangu utoke nyumbani. Kwenye daftari hakuna tukio hata moja kabla ya dakika ya 30. "Filta haijui saa," mzee akasema, akaikata.

Petroli chafu nayo ikatoka, maana dada alikuwa amejaza sheli tatu tofauti na tabia ilikuwa ileile.

Kilichobaki ni mambo mawili: cheche au umeme wa pampu. Turbo ikisukuma sana, plagi inapata kazi ngumu kurusha cheche, kwa hiyo plagi na koili dhaifu nazo zinaweza kuleta kukata kwa namna hiyohiyo. Daftari peke yake halikuweza kutenganisha hayo. Ila mzee alikuwa na swali la mwisho.

"Ulipofungiwa hii pampu kubwa, tatizo lilichelewa au liliwahi?"

Dada akafikiri. "Liliwahi. Zamani ilikuwa mpaka Mlandizi. Sasa hata Kibaha sifiki."

Mzee akafunga daftari. Pampu kubwa inakula umeme zaidi. Kama tatizo lingekuwa pampu dhaifu, ile kubwa ingelimaliza. Ikiwa imelizidisha, basi kuna mahali umeme wenyewe haupiti vizuri, na pampu kubwa imepaongezea mzigo.

Hata hapo hakubadilisha kitu. Alifunga geji ya presha kwenye njia ya petroli, kwa mpira maalumu wa petroli na klipu za kubana, akaipitisha nje mpaka kwenye kioo cha mbele ili isomeke wakati wa kuendesha. Ndani akavuta nyaya za mita mbili za umeme: moja inasoma umeme unaofika kwenye soketi ya pampu juu ya tangi, nyingine unaotoka upande wa pili wa soketi hiyohiyo. Mtungi wa kuzimia moto ukawekwa miguuni. Mzee akaendesha, dada akashika simu anarekodi video ya geji na mita. Wakaelekea Kibaha saa tatu usiku, AC imewashwa, taa zote, kila kitu kama daftari lilivyosema.

Dakika kumi, akakanyaga: 55, safi. Dakika ya ishirini, 55. Dada akaanza kuona aibu, maana gari ilikuwa inajifanya nzima tena. Dakika ya 37, mlima mdogo, turbo ikaingia na sindano ikapanda mpaka 50, ikasita, ikaporomoka hadi 38. Gari ikajikata. Kwenye mita, umeme unaofika kwenye soketi ulikuwa volti 13.4. Upande wa pili, volti 9.6.

Mzee akaachia pedali, akawasha taa za hatari, akaegesha. "Umeona? Volti karibu nne zimeliwa na soketi."

Kesho yake kifuniko cha juu ya tangi kikatolewa. Soketi ya plastiki, ndogo kuliko kiberiti, upande mmoja imekuwa ya kahawia kama ndizi ya kuchoma. Pini moja imelegea na imeungua. Ikiwa baridi, inagusa vizuri. Umeme ukipita nusu saa inapata joto, ikipata joto inagusa vibaya, ikigusa vibaya inapata joto zaidi. Egesha, ipoe, na fundi wa kesho atakuta gari nzima.

Hapo ndipo bili ya dada ikaanza kueleweka. Mafundi wawili waliobadilisha pampu, kila mmoja alichomoa soketi hiyohiyo na kuichomeka tena. Ukichomoa na kuchomeka, pini zinasuguana, zinajisafisha kidogo, na gari inapona kwa siku kadhaa. Ndiyo zile siku tisa za raha. Pampu ilipewa sifa ya kazi iliyofanywa na mkono uliochomeka soketi. Wiki tamu ya plagi nayo ilikuwa wiki ya harusi za mjini tu, gari haikutoka nje ya Dar.

Soketi na pini mpya, kipande cha waya mnene, vilikuwa 25,000. Ufundi na siku za kupima, 120,000. Mzee akarudisha na pampu ya kawaida, ile ya 250,000 iliyokuwa imetupwa buti kama mbovu. Kisha wakarudi barabarani na geji ileile, saa ileile, mara tatu. Dakika 40, 50, 70: sindano imekaa 55. Baada ya safari ya tatu ndipo akapokea hela yake.

Rahisi kusema wale wanne ni matapeli. Huenda mmoja wao ni kweli. Lakini wote waliletewa kitu kilekile: gari iliyopoa, na mteja mwenye haraka anayetaka jibu leo. Tatizo linalokuja na kuondoka halikai gereji likusubiri. Mtu akibahatisha, siku likiondoka lenyewe atasema amelitibu, na wewe utamshukuru na kulipa. Dada alinunua spea za aina sita kabla ya mtu yeyote kusema "sijui". Neno hilo kwa fundi linaonekana udhaifu, kumbe ndilo lililokuwa bei nafuu kuliko yote.

Kwa wenye turbo, chukueni hili. Ikikata tangi likiwa chini ya nusu na kwenye kona, anzia ndani ya tangi. Ikikata kila ukikanyaga sana bila kujali muda, angalia filta, pampu na kale kampira kembamba kanakopeleka presha ya turbo kwenye regyuleta. Ikikata baada ya kupata joto tu, fuata umeme: soketi, rilei, ethi. Presha ya petroli ikibaki imara huku gari inakata, basi petroli haina kosa, rudi kwenye plagi na koili. Vyovyote vile, ikijikata achia pedali. Na kazi ya petroli ni ya fundi mwenye vifaa, sio ya kujaribu nyumbani na sigara mdomoni.

Mchumba naye asisemwe sana. Alisema gari itamuua, na pale Bwawani nusura iwe kweli. Hofu yake ilikuwa ya haki. Kilicholeta maneno ni siku gari ilipopona. Alipoonyeshwa video ya geji, jibu lake la kwanza lilikuwa, "Vizuri, sasa tutaiuza bei nzuri." Hakuuliza mama atakujaje mwezi ujao. Na yule rafiki wa milioni 9, aliposikia imepona, alipiga simu akitaka bei yake ya mwanzo iheshimiwe, kwa sababu "tulishakubaliana".

Dada hajauza. Uchumba bado upo, ila tarehe ya kutoa mahari imesogezwa mbele, na kila upande una sababu zake. Mwezi uliopita mama alikuja kliniki akiwa kiti cha mbele. Daftari liko kwenye droo ya gari.

Haya, wadau: mchumba alikuwa anamjali dada au alikuwa anaijali hela? Na wewe, ni kitu gani ulishabadilisha mara tatu bila kukipima hata mara moja?